Kuchukua Umbo la Mwili: Bendeji, Aljineti au Silikoni?

Kabla hujatoa pesa mfukoni, jibu maswali mawili. Kazi ikiisha unataka kuona nini: umbo tu, au hadi mistari ya vidole na vinyweleo? Na huyo unayemchukua umbo anaweza kukaa bila kusogea kwa dakika ngapi? Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia nyenzo. Wengi huanzia upande wa pili: wanaona video ya aljineti, wananunua pakiti mbili, kisha wanatafuta mwili wa kuitumia, na mchanganyiko unawagandia kwenye karai.

Tuelewane maneno kwanza. Kalibu ni lile ganda linalojengwa juu ya ngozi, lenye umbo la mtu kwa ndani. Nakala ni kitu kigumu kinachomiminwa ndani ya kalibu na kutoka na sura ya mwili wenyewe. Kuna kazi ambazo kalibu yenyewe ndiyo mwisho, kama ganda la tumbo la mama mjamzito linalopakwa rangi na kutundikwa ukutani. Nyingine, kalibu hutupwa na nakala ikabaki.

Visivyowekwa kwenye ngozi

Tuanze na linaloweza kumlemaza mtu. Jasi ya unga, ile ambayo kwenye hadiwea utasikia ikiitwa POP au jipsamu, haimwagwi kuzunguka mkono wala mguu, na mtu hatumbukizi kiungo chake ndani ya ndoo yake. Jasi haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuyameza maji, na katika kuyameza inatoa joto. Tabaka la milimita chache hutoa joto lake hewani upesi, ndiyo maana bendeji ya hospitali huhisi uvuguvugu tu. Donge la kilo kadhaa halina pa kulitolea: katikati yake panaweza kufika nyuzi 60 za Selisiasi, na kwa joto hilo ngozi huungua kwa sekunde chache. Kibaya zaidi, joto linapopanda jasi imeshakuwa jiwe na mkono hautoki. Mwaka 2007 msichana wa miaka 16 nchini Uingereza alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya jasi wakati wa somo la sanaa, na akapoteza vidole vingi.

Saruji, ya kijivu au nyeupe, pia hapana. Ina ukali unaofanana na wa chokaa na hula ngozi taratibu bila maumivu ya mwanzo. Unga wa kulainishia kuta nao huwa umechanganywa na saruji, chokaa au gundi, na hata kama hauchomi, hautoi nakala nzuri. Silikoni ya kuzibia madirisha, ile inayonuka siki, hutoa asidi inapoganda. Resini ya fibaglasi ina mvuke mkali na joto lake halina mzaha. Hizo zote, isipokuwa unga wa kuta na silikoni ya madirisha ambazo hazina kazi hapa, zina nafasi yake baadaye, ndani ya kalibu, mtu akiwa ameshavaa nguo zake na kuketi kando anakunywa chai.

Bendeji za plasta: kwa kiwiliwili, tumbo na mgongo

Kwa sehemu kubwa ya mwili, anzia hapa. Ni wavu wa pamba uliopakwa jasi, ile ile bendeji ya kufunga mfupa uliovunjika. Kisumu, ulizia kwenye maduka ya dawa na vifaa vya hospitali yaliyo upande wa Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi; Nakuru, yale yaliyo karibu na hospitali ya kaunti. Roli huuzwa kwa upana, sentimita 10, 15 au 20, na nyingi zina urefu wa mita 2.7. Bonyeza kila pakiti. Ikiwa imetoboka, au ndani unasikia chembechembe zinazosagika kama mchanga, imeshavuta unyevu na haitashika. Kando ya ziwa, hili ni jambo la kawaida. Stoo yenye joto na unyevunyevu huua bendeji kabla ya tarehe ya kwenye boksi.

Hesabu ya idadi ni rahisi. Mbele ya kiwiliwili cha mtu mzima, kutoka mitulinga hadi chini ya kitovu, ukifuata mipindo, ni kama sentimita 60 kwa 55, yaani theluthi moja ya mita ya mraba. Matabaka manne ni mita ya mraba moja na kitu. Roli ya sentimita 15 ina mita ya mraba 0.4. Ukiongeza sehemu za kupandiana unahitaji roli sita za sentimita 15, mbili za sentimita 10 za kukazia kingo, na moja ya akiba. Hiyo ya akiba usiione kama israfu. Bendeji zikikuishia katikati, lile tabaka la chini litaganda kabisa kabla hujarudi dukani, na jipya halitashikana nalo.

Kata kila kitu kikiwa kikavu, kabla maji hayajaingia chumbani. Kutoka roli sita utapata vipande kama 35 vya sentimita 35, na 20 vifupi vya sentimita 15 vya kupitisha chini ya matiti, kwapani na kwenye mipindo mikali. Zile za sentimita 10 zikunje mara mbili kwa urefu. Hizo ni za kingo. Panga kwa mafungu kwenye meza kavu, mbali na karai. Tone moja likiangukia fungu, vipande vitano vimekwenda.

Mtu asisimame. Anayesimama wima bila kusogea, magoti yamekazwa, damu humshukia miguuni na anaweza kuzimia, tena akiwa ndani ya ganda zito. Mwekee stuli au kiti kisicho na mikono, aketi ukingoni, mgongo wima, mikono kiunoni au mapajani. Mama mjamzito kamwe asilazwe chali: uzito wa mimba unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Aketi, na awe amekula. Mwambie waziwazi kabla ya kuanza: “Mama, ukisikia kizunguzungu au joto limezidi, sema tu. Tunavua papo hapo, kazi tutaanza upya siku nyingine.” Na umaanishe. Wengi huvumilia kwa sababu wanaona bendeji zimegharimu.

Kwa kuwa mtu atakuwa nusu uchi, mambo mengine yamalizwe siku iliyotangulia: nani atakuwa chumbani, simu zitawekwa wapi, picha zitapigwa au la, na kalibu itabaki kwa nani. Aje na dada yake au rafiki. Kuna msaada mwingine katika hilo: unahitaji mtu wa kumpa maji kwa mrija na kumkuna pua.

Sasa mafuta ya mgando. Paka ngozi yote itakayofunikwa, na sentimita tano zaidi kila upande. Penye nywele paka mara mbili, ukizilaza upande mmoja hadi zimelala kabisa. Watu hukumbuka kwapa na wanasahau malaika, vile vinywele laini vya tumboni na mikononi. Ndivyo vinavyomfanya mtu apige kelele wakati wa kuvua. Kitovu kikiwa na shimo, kijaze mafuta.

Maji ya karai yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto au baridi kidogo. Maji ya moto huharakisha kuganda na kuongeza joto la bendeji juu ya ngozi. Si njia ya kuokoa muda. Maji yakigeuka maziwa, badilisha. Vipunje vya jasi iliyokwisha kuganda vinavyoelea humo huchochea ile mpya, na utashangaa kwa nini vipande vya mwisho vinakauka mikononi mwako.

Shika kipande kwa ncha mbili, kizamishe, hesabu hadi nne au hadi vipovu vikome. Kitoe, kipitishe kati ya vidole viwili mara moja tu, bila kukamua. Maziwa yanayodondoka ndiyo jasi unayoilipia. Laza kuanzia juu, kwenye mtulinga, ukielekea chini na nje. Kisha sugua kwa kiganja, mizunguko midogo, hadi vitundu vya wavu vipotee na uso uwe laini kama siagi. Usuguaji wa tabaka la kwanza ndio utakaoonekana milele upande wa ndani. Ukiona alama za wavu ndani ya kalibu baada ya kuvua, hukusugua, na hakuna tabaka la juu linaloweza kuliponya hilo. Chini ya matiti tumia vipande vifupi, ubonyeze kwa ncha za vidole pale ngozi inapokutana na ngozi. Hapo ndipo hewa hujificha.

Kila kipande kifunike theluthi ya jirani yake. Tabaka la pili liende upande mwingine, kama ukili unavyopishana, na lianze kabla la kwanza halijawa gumu. Matabaka matatu hadi manne yanatosha katikati. Kingo ziwe na sita, kwa sababu hapo ndipo utakaposhika wakati wa kuvua. Usivuke hapo. Matabaka kumi na mawili hayaongezi nguvu unayoihitaji, yanaongeza joto. Na usimfunike mtu kwa shuka wala taulo bendeji zikiwa zinaganda, hata kama Nakuru kuna baridi na anatetemeka. Washa hita mbali kidogo au mfunike miguu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuzunguka mno ubavuni. Mwangalie mtu kutoka mbele: ule mstari wa mwisho unaouona wa ubavu wake ndio mpaka. Ukivuka kwenda mgongoni, kalibu itamkumbatia na haitatoka bila kuvunjika. Ukitaka mwili mzima kuzunguka, jenga mbele kwanza, paka mafuta ukingo wake uliokwisha kuganda, halafu jenga nyuma ukiupandia ukingo huo kwa sentimita tatu, na uchore mistari miwili mitatu ya penseli inayovuka mpaka ili ujue baadaye pande hizo zilikutana wapi.

Kuanzia kipande cha kwanza hadi kuvua, lenga dakika 25 hadi 30, watu wawili wakifanya kazi. Gonga kwa kucha: sauti ikiwa ya ubao badala ya kitambaa kilicholowa, iko tayari. Kabla ya kuvua, pima upana wa kalibu kutoka ukingo hadi ukingo kwa kijiti na ukikate kwa urefu huo. Kisha mwambie mtu avute pumzi, aitoe yote, ainame mbele kidogo na kutikisa mabega. Ngozi inajibandua yenyewe. Wewe pitisha vidole ukingoni, ukiingiza hewa, na uipokee kalibu inapokuangukia mikononi. Usivute kwa nguvu upande mmoja.

Kile kijiti sasa kina kazi. Ganda bichi likilazwa hujitanua kwa uzito wake, na tumbo lililokuwa mviringo linakuwa sinia. Lilaze kifudifudi juu ya mito au nguo kuukuu zilizofinyangwa kwa umbo lake, kifunge kijiti kati ya kingo mbili, zungushia kamba, liache hivyo hadi likauke.

Aljineti: kwa mikono, miguu na vitu vyenye mistari midogo

Aljineti hutokana na mwani wa kahawia. Ni unga ambao ukichanganywa na maji unakuwa uji mzito, na baada ya dakika chache unageuka mpira laini unaonakili hadi alama za vidole. Hautoi joto la kuogopa na haushiki nywele sana. Ubaya wake ni miwili. Hutumika mara moja tu. Na zaidi ya nusu yake ni maji, ambayo huanza kutoroka mara tu ugandapo, kwa hiyo kalibu hunywea na kupinda. Mimina nakala ndani ya saa moja. Kazi ya kuchukua umbo asubuhi na kumimina jioni haipo.

Inayopatikana kwa urahisi ni ya madaktari wa meno, katika pakiti za takriban gramu 450. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mdomo, haina subira: ya haraka huganda kwa dakika moja hadi mbili, ya kawaida dakika mbili hadi nne na nusu. Nunua ya kawaida. Zipo zinazobadilika rangi hatua kwa hatua, kuanzia kukoroga hadi kutumia. Kwa anayejifunza hizo ni mwalimu mzuri. Aljineti ya kazi za mwili, yenye dakika sita au zaidi, kwa kawaida utaiagiza Nairobi ije kwa basi. Kwa mkono mmoja ya meno inatosha. Kwa mikono miwili iliyoshikana agiza ile ya mwili, vinginevyo itaganda wakati bibi na bwana bado wanajadili nani ashike juu.

Saa ya aljineti inaongozwa na joto la maji kuliko kitu kingine chochote. Maelezo ya pakiti huandikwa kwa maji ya kama nyuzi 20 hadi 23. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na mchana joto huzunguka nyuzi 29 au 30. Maji ya tangi lililokaa juani yanaweza kupita hapo, na aljineti ya dakika nne ikakupa mbili. Weka maji kwenye friji usiku, au tia barafu na uitoe kabla ya kupima. Nakuru, karibu mita 1,850, asubuhi maji ya bomba ni baridi kiasi kwamba aljineti hiyo hiyo inavuta muda, na mtu anachoka kunyoosha mkono. Huko ongeza maji ya moto kidogo. Kipimajoto cha jikoni kitakuokolea pakiti nyingi. Maji ya kisima yana madini yanayoweza kubadilisha muda pia, kwa hiyo tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kama unayo. Siku ya kazi, chanzo chochote, koroga vijiko viwili vya unga kwenye kikombe na uangalie saa.

Kujua kiasi, tumia maji. Chagua chombo ambacho mkono unaingia na kubaki na nafasi ya sentimita mbili kila upande na chini. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili huwafaa wengi. Mtu aingize mkono hadi pale unapotaka ukomee, mimina maji hadi yafike hapo, autoe mkono, kisha pima maji yaliyobaki. Hicho ndicho kiasi cha mchanganyiko unaohitaji; huwa kati ya lita moja na nusu na mbili. Aljineti ya meno huchanganywa kwa uzito sehemu moja ya unga na mbili na kidogo za maji, kwa hiyo pakiti moja hutoa lita moja na ushee. Ya kazi za mwili hubeba maji zaidi, mara nne au tano ya uzito wake. Fuata mfuko wake. Ile ya meno ukiizidishia maji ili kubana matumizi, utapata kalibu inayoraruka kidole kikitoka.

Mtu ajaribu mkao kabla. Vidole visigusane kwa nguvu, na asiguse chini wala ukuta wa chombo. Palipogusa patakuwa na tundu. Mimina maji yote kwenye unga kwa mkupuo na ukoroge kwa kasi. Wenye drili yenye mwiko hukoroga kwa sekunde 45. Stima ikipotea, mkono wenye glavu unatosha, ukiponda madonge kwenye ukuta wa ndoo. Madonge madogo mawili matatu hayaharibu kitu, kuendelea kuyasaka hadi uji ugande ndiko kunakoharibu. Vaa barakoa wakati wa kumimina unga. Kijazo chake kikubwa ni diatomaiti, vumbi lile lile linalochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, na mapafu hayalipendi.

Mkono uingie ukiwa umelowa, ukisuguliwa na uji huo kwanza kati ya vidole, kisha utikisike kidogo ndani ili hewa ipande. Tulia. Bonyeza juu kwa kidole: kisipobaki na alama wala kushika, subiri dakika moja zaidi. Kutoka, mtu achezeshe vidole polepole hadi asikie mnyonyo umeachia, halafu avute bila papara. Mkono umeingia umenyooka au umekunja kidogo, utatoka. Umekunja ngumi, kifundo ni chembamba kuliko ngumi, na ingawa mpira unanyumbuka, una mwisho wake.

Ukitaka mistari ya ngozi kwenye sehemu kubwa, kama mgongo wenye kovu au tumbo, aljineti hupakwa kwa unene wa sentimita moja na kushikiliwa na ganda la bendeji juu yake. Hapo kuna mtego: bendeji haishiki aljineti. Kabla aljineti haijaganda, bandika vipande vya pamba ya hospitali vilivyochanuliwa, nusu ndani nusu nje. Jasi ya bendeji itakamata manyoya hayo. Bila pamba, aljineti itaporomoka kutoka kwenye ganda kama ngozi ya maziwa wakati wa kuvua.

Silikoni

Ukihitaji nakala tano au kumi kutoka kalibu moja, ni hii. Iwe ile inayogandishwa kwa platinamu, iliyoandikwa kuwa salama kwa ngozi. Inayogandishwa kwa bati si ya mwili. Bei yake ni ya juu. Adui yake ni salfa: glavu za mpira wa asili zikigusa, haigandi, inabaki utelezi wa kunata juu ya ngozi ya mtu. Tumia za vinili. Jaribu tone ndani ya kiwiko saa 24 kabla. Nywele zote zipakwe mafuta mazito, kwa maana silikoni hushika nywele kuliko nyenzo zote tatu.

Uso

Uso si kazi ya kwanza ya mtu yeyote. Wafanye watu wawili, mmoja kazi yake ni pua tu. Matundu ya pua hubaki wazi muda wote, ukiyazunguka kwa brashi ndogo mwishoni kabisa. Mirija ya kunywea soda isiwekwe puani. Inapotosha umbo la pua na ikigongwa inaumiza. Mwenye mafua, pumu, au anayeogopa kufungiwa, mwache. Kubalianeni ishara: kidole gumba juu niko sawa, mkono ukipunga vua sasa hivi. Nyusi, kope na ndevu zipakwe mafuta kwa wingi. Aljineti kwanza, bendeji matabaka matatu juu, na mtu akunje uso ndani ya kalibu ili ajitoe.

Kumimina nakala

Kwa nakala ya kawaida, jasi gramu 100 kwa maji gramu 70. Mkono hadi kifundo hujaa kwa jasi nusu kilo na maji mililita 350. Jasi ya meno, ile ya manjano, ni ngumu zaidi na hutumia maji kidogo sana, kama 30 kwa 100. Kwa vidole vyembamba vya mtoto inalipa gharama yake. Unga huingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Nyunyiza, uache ulowe dakika moja au mbili, koroga taratibu bila kupiga povu, na uanze kumimina ungali kama maziwa mala.

Katika kalibu ya mkono vidole vinaelekea chini, kwa hiyo hewa hukwama kwenye ncha. Futa kwanza maji yaliyotoka jasho ndani kwa karatasi ya shashi iliyozungushwa kwenye kijiti. Yakibaki, uso wa nakala utakuwa wa chaki. Mimina robo, inamisha chombo kila upande ili kila kidole kimezwe, rudisha ndooni, mimina tena. Choma waya wa mabati ndani ya vidole kabla hujajaza. Gonga chombo mezani hadi vipovu vikome. Jasi itapata joto, kisha ipoe; subiri saa nzima. Halafu chana aljineti kwa kijiko cha mbao na vidole, kamwe si kisu, ukikumbuka kila kidole kimeelekea wapi. Kidole kikivunjika kisafi, gundi ya haraka inatosha. Tia vumbi la jasi kwenye ufa na usugue kwa kidole kilicholowa.

Kwa kiwiliwili usijaze kalibu yote. Ingekuwa na uzito wa gunia la mahindi. Paka kalibu ya bendeji sabuni ya maji mara tatu, ukiacha ikauke kila mara. Paka jasi kwa brashi, milimita tano, kisha laza nyuzi za katani zilizochovywa kwenye jasi, kama mafundi wa dari wanavyofanya, upate unene wa sentimita moja na nusu. Resini ya fibaglasi ni nyepesi zaidi, lakini juu ya aljineti bichi haigandi vizuri. Pitia jasi kwanza.

Kukausha

Jasi iliyoganda bado imejaa maji. Pima uzito kila siku. Uzito ukikoma kushuka siku mbili mfululizo, imekauka. Ganda la bendeji huchukua siku mbili tatu Nakuru wakati wa jua. Kakamega, ambako mvua ya alasiri ni mazoea, hesabu wiki na zaidi, likiwa limeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini, la sivyo kuvu jeusi litatokea upande uliolala. Feni inasaidia. Jiko la makaa halisaidii: jasi ikipashwa kwa muda juu ya nyuzi 50 hivi inaanza kutoa yale maji iliyoyameza, na uso unakuwa unga.

Ikishakauka, jaza vitundu kwa jasi laini, piga msasa namba 120 kisha 240, na uzibe kwa gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mara mbili. Juu yake rangi yoyote itakaa. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ganda bichi, itavimba na kubanduka kabla ya mwezi.

Maji ya karai usiyamwage kwenye sinki wala mtaro. Yaache yatulie usiku, mwaga yaliyo juu kwenye udongo, na bamba la jasi lililobaki chini litang'oka lenyewe ukikunja karai la plastiki.

Vishikizo vya kutundikia viwekwe ndani ya ganda kabla hujaziba: waya mnene uliokunjwa kitanzi, ukafunikwa kwa vipande vitano vya bendeji, mmoja kila upande, juu kidogo ya katikati ya urefu. Kitanzi kimoja cha katikati hufanya ganda lizunguke kila mlango unapofungwa.